Dawa kwa Mgeni Asiyeugua

Yide Lu, mjini Guangzhou, ni barabara ya samaki wasiohitaji tabibu. Maduka yake ya jumla yamejaa samaki wakavu, kamba na majongoo bahari, viumbe ambao wavuvi wa Unguja na Mafia wamewazamia kwa vizazi kadhaa kwa ajili ya walaji wa China. Mfugaji wa samaki wa mapambo, kwa upande wake, ana swali ambalo muuza samaki wakavu halijui: mgeni aliyeletwa akiwa mzima kwa macho, je, atiwe dawa kabla hajaonyesha dalili?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Samaki aliyesafirishwa amechoka, amebanwa na wenzake, na kinga ya mwili wake imepungua. Vimelea vya madoa meupe huweza kujificha kwenye matamvua pasipo kuonekana. Ziwani Tanganyika, mwenye afya huweza kujitenga na mgonjwa. Ndani ya tangi la kioo hana pa kukimbilia. Mgonjwa mmoja aweza kuwaangamiza wote, na wahenga walikwisha nena kwamba kinga ni bora kuliko tiba.

Lakini dawa si maji. Shaba inayoua vimelea huua pia konokono na kamba, na kipimo kinachoponya hakiko mbali na kile kinachodhuru. Viuavijasumu vyaweza kuua bakteria wa kichujio wanaoondoa amonia, na hapo samaki husumishwa na uchafu wake mwenyewe. Tena, dawa za madoa meupe haziwafikii vimelea waliojichimbia ndani ya ngozi. Huwapata wanapotoka kutafuta mwenyeji mpya. Dozi moja ya tahadhari, basi, mara nyingi hutibu hofu ya mfugaji kuliko mwili wa samaki, na dozi zinazorudiwarudiwa bila ugonjwa hufuga usugu.

Hata hivyo, si kila dawa ya tahadhari ni dhuluma. Prazikwanteli, ambayo wafugaji huitumia dhidi ya minyoo ya samaki, ndiyo hiyo wanayopewa wanafunzi wa Unguja, Pemba na kandokando ya maziwa makuu ili kuwakinga na madhara ya kichocho, bila kila mtoto kupimwa kwanza. Mambo matatu huihalalisha: ugonjwa unajulikana kuwapo mahali hapo, madhara ya dawa ni madogo, na faida humrudia mtoto yule yule anayeimeza. Samaki mgeni asiyeugua hubeba madhara ya dawa, ilhali faida huwaendea wenyeji wa tangi na mwenye tangi. Haki yadai kwamba anayefaidika ndiye abebe mzigo. Mfugaji na amtengee mgeni chombo chake kwa majuma machache, ampe maji safi na chakula, na amtazame kila siku. Gharama hiyo ya nafasi, muda na subira ni yake. Dawa na ije dalili inapotokea, au asili ya samaki inapojulikana kuwa na ugonjwa fulani.

Kutenga nako kuna dhambi zake. Hapo hapo Yide Lu lipo kanisa kuu la mawe lililojengwa kati ya 1863 na 1888, ambamo Waafrika wengi wa Guangzhou wamesali. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Waafrika wa mji huo walilazimishwa kupimwa na kukaa karantini siku 14, wakiwamo waliokuwa hawajasafiri karibuni. Wengine walifukuzwa katika nyumba walizopanga. Wakuu wa China walisema masharti yalikuwa sawa kwa wote. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko. Kupima watu wakati wa janga kwaeleweka. Kilichochoma ni kwamba uso ulichukua nafasi ya safari: mkazi wa miaka alihesabiwa mgeni wa jana.

Binadamu si samaki. Yeye huweza kuuliza sababu, kukubali au kupinga. Samaki hawezi, na kwa hiyo wajibu wa anayemwamulia ni mkubwa zaidi, si mdogo. Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe, chenye jina la samaki, chaonyesha jinsi mipaka inavyochanganyika: gereza lililojengwa huko miaka ya 1890 lilikuja kuwa karantini. Ukuta uliokusudiwa mhalifu ulimtosha msafiri aliyeshukiwa homa. Tofauti kati yao ilikuwa siku za kuhesabu, na mlango uliopaswa kufunguliwa zikitimia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Mwenyeji anayetaka kupona ana haki ya kumchunguza mgeni wake. Hana haki ya kumtibu ugonjwa asioujua, wala ya kusahau siku ya kumfungulia.