Je, tuna deni kwa marehemu tusiowajua?



Huko Ufini, karibu na mji wa Rauma, kuna mahali msituni panaitwa Sammallahdenmäki. Pana makaburi zaidi ya 30 ya mawe yaliyorundikwa juu ya mwamba, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Moja wenyeji hulitaja kama “sakafu ya kanisa”, ingawa lilijengwa karne nyingi kabla ya Kristo. Sheria ya nchi ya mwaka 1963 inakataza kuyagusa bila kibali, na mwaka 1999 UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Swali: kwa nini yalindwe? Waliozikwa pale hawana majina, wala ndugu wa kuwafagilia kaburi.

Jibu la haraka ni elimu: yanatufundisha historia. Sawa. Lakini kama ni hilo tu, basi kaburi likishapimwa na kupigwa picha, leta trekta! Dhamiri inakataa. Maana yake kuna sababu nyingine.

Wengine watasema marehemu haumii, hadai chochote. Hata Aristotle alijiuliza kama yanayotokea huku yanawagusa waliokufa, na hakuthubutu kusema hayawagusi kabisa. Sisi tunasema zaidi: mwili ule ulikuwa mtu, na unangoja ufufuko. Ndiyo maana kuzika wafu ni tendo la huruma. Tobiti alizika waliotupwa nje ya ukuta wa Ninawi, akanyang’anywa mali yake yote. Wale maiti walimlipa nini? Hakuna. Upendo usio na malipo ndio huo.

“Lakini hawakumjua Kristo!” Katika Kanuni ya Imani tunakiri kwamba alishukia kuzimu. Na katika Sala ya Ekaristi ya Nne, Kanisa linawaombea hata marehemu ambao imani yao aliijua Mungu peke yake.

Kuna anayeuliza: walio hai hawana ardhi, sisi tunalinda mawe? Ni hoja nzito. Shida ya kweli inaweza kulazimu kaburi kuhamishwa, kwa heshima. Ila tukizoea kumpima mtu kwa faida yake, tutaanza na marehemu asiye na mtetezi, kisha mzee aliyelala kitandani, kisha mtoto ambaye hajazaliwa.

Kwa hiyo ukipita kwenye kaburi lisilo na jina, usilikanyage. Simama kidogo, umwombee raha ya milele. Mungu anamjua kwa jina.