Tukimhesabu Mtu Kanisani, Tumemwahidi Nini?

Kila mwaka unapofungwa, sharika za Kilutheri kuanzia Usa River hadi miteremko ya juu ya Mlima Meru hufanya kazi isiyo na nyimbo wala shamrashamra: kujaza takwimu. Wainjilisti wa mitaa hukusanya madaftari, wachungaji hujumlisha, na karatasi hupanda kutoka mtaa hadi usharika, usharika hadi jimbo, jimbo hadi dayosisi. Waliobatizwa ni wangapi? Waliopata kipaimara? Waliofunga ndoa, waliohama, waliofariki, waliorudi kundini? Na mahudhurio ya Jumapili, wanaume, wanawake na watoto? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijui mzee wa kanisa atakayebisha. Lakini washarika si mali. Kwa hiyo yatupasa kujiuliza daftari lao ni la nini.

Ardhi hii ya Makumira ina historia inayotufundisha juu ya swali hilo. Oktoba 1896, huko Akeri, si mbali na kilipo leo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, waliuawa wamisionari wawili wa Kilutheri wa shirika la misheni la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kisha jeshi la Wajerumani likaja kulipiza kisasi na kuua watu wengi wa Meru na Arusha. Tazama jinsi kumbukumbu ilivyowagawa wafu hao. Wamisionari wawili wana majina. Wachaga mara nyingi hutajwa kwa idadi tu. Wameru na Waarusha waliouawa katika kisasi, hata idadi yao husemwa kwa kukisia. Yako madaraja matatu hapo: mwenye jina, mwenye nambari, na asiye na chochote. Kila daftari la kanisa, litake lisitake, huamua litamweka mtu katika daraja lipi.

Walutheri walirudi, na kituo cha Nkoaranga kikaanzishwa mwaka 1902. Kanisa huanza kuhesabu kwa kitabu cha ubatizo, na kitabu hicho hakiandikwi kwa jumla. Kila mstari ni mtu mmoja na siku yake. Huo ndio utaratibu wa asili: jina kwanza, jumla baadaye. Hatari huingia pale jumla inapoachana na majina ikaanza kutembea peke yake.

Mahali kama Makumira jambo hilo hutokea kwa urahisi sana. Chuo cha theolojia kilichoanza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kilihamia hapa mwaka 1954, na leo chuo kikuu kilichotokana nacho hupokea vijana kutoka pande zote za nchi. Muhula ukiwa umeanza, viti vya ibada hujaa watu ambao majina yao yamo kwenye madaftari ya Bukoba, Iringa au Mbulu. Usa River wako wafanyakazi wa mashamba ya maua waliotoka mbali kutafuta riziki. Huku nyuma, usharika wa mlimani unaendelea kutunza majina ya vijana walioko Arusha mjini, Dar es Salaam au kwenye machimbo ya Mererani. Mmoja huhesabiwa mara mbili, na mwingine hahesabiwi popote.

Ndiyo maana mahudhurio na ushirika ni maswali mawili tofauti. Mahudhurio huuliza: leo yupo nani? Ushirika huuliza: ni nani aliye wetu, hata asipoonekana? Kwa maoni yangu, takwimu yenye maana kuliko zote ni pengo lililo kati ya majibu hayo mawili. Ndani ya pengo hilo yumo mgonjwa na anayemuuguza. Yumo mhudumu wa hoteli ambaye zamu yake haijui Jumapili. Yumo aliyeondoka baada ya ugomvi wa kwaya. Yumo aliyeacha kuja kwa sababu hajamaliza ahadi yake, naye anaona aibu kupita mbele ya wenzake bila bahasha. Nambari peke yake haiwezi kuwatenganisha watu hawa, lakini inaweza kutuambia kwamba wapo.

Wapo waumini wanaosikia hofu kuhesabu watu wa Mungu, nao wanamkumbuka Daudi. Mfalme aliamuru watu wahesabiwe, Yoabu akamsihi aache, asisikie, na tauni ikafuata. Hata hivyo Biblia hiyohiyo ina kitabu kizima kiitwacho Hesabu, na hesabu ya jangwani iliamriwa na Mungu mwenyewe. Zote mbili ziliwahusu wanaume wa vita. Ile ya jangwani ilifanywa kwa koo na kwa majina. Ile ya Daudi, kama wengi walivyoielewa, ilitokana na hamu ya mfalme kujua ukubwa wa nguvu zake. Kosa, basi, halimo katika kuhesabu. Limo katika kumtumia mtu kuwa kipimo cha ukuu wa mwingine.

Kishawishi hicho hakikuzikwa na Daudi. Mchungaji aliyepokea usharika wenye majina mia nane huona uzito kupeleka taarifa ya mia sita, hata kama wale mia mbili walihama zamani. Na pale michango inapopangwa kwa kuangalia idadi, kishawishi hugeuka na kuwa cha kupunguza. Wala hakuna wa nje atakayesahihisha. Baada ya sensa ya 1967, taifa letu halimuulizi tena raia dini yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 bila kutaka kujua nani anasali wapi, na naona ni busara kwa nchi inayotaka watu wake wakae pamoja. Lakini busara hiyo imeyaachia makanisa mzigo wa kujihesabu yenyewe. Hesabu isiyo na mkaguzi huhitaji uaminifu mara mbili.

Watasema wengine imani haipimwi kwa kuhesabu vichwa. Ni kweli kabisa. Mtu anaweza kuhudhuria kila Jumapili moyo wake ukiwa mbali. Bado sikubali kwamba tuache kuhesabu, kwa sababu wanaosahaulika kwanza ni wanyonge. Mtu mashuhuri akikosa ibada mbili, usharika mzima unauliza yuko wapi. Mjane anayekaa pembezoni akikosa miezi mitatu, huenda daftari peke yake ndilo litakalomuulizia. Daftari likitunzwa vizuri humpa mnyonge heshima ileile anayopewa mkubwa bila kuiomba.

Kumhesabu mtu, basi, ni kumwahidi kwamba akikosekana atatafutwa. Hesabu isiyobeba ahadi hiyo ni karatasi tu, hata ikifika dayosisini kwa wakati na kwa mwandiko mzuri.

Ninyi wazee wa kanisa na wainjilisti mtakaokaa kujaza takwimu za mwaka huu, kabla ya kuandika jumla someni majina kwa sauti, mtaa kwa mtaa. Kila jina ambalo hakuna anayejua habari zake lipewe mtu wa kwenda kulitafuta. Mwanafunzi na kibarua wasio na usharika hapa waulizwe majina yao nao waandikwe, hata kama ni wa kupita. Idadi ikipungua, pelekeni iliyopungua. Usharika wa watu mia tatu wanaojuliana hali ni mkubwa kuliko wa elfu moja walioandikwa na kusahauliwa.