Usipige Windows Kabla ya Kusoma

Hapa Kigoma kompyuta ikikataa kuwaka, dawa inajulikana: ipelekwe mtaani Mwanga, fundi apige Windows. Inarudi nyepesi, safi na tupu. Picha za harusi, barua, hesabu za kikundi, vyote vimefutwa, nasi tunalipa na kushukuru. Mimi dawa hii imenichosha.

Mama mmoja wa Kibirizi, mweka hazina wa kikundi cha wauza dagaa, nusura anyweshwe. Kompyuta yake ya mezani inatumia toleo la zamani la Ubuntu, mfumo huria alioanzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, juu ya kazi ya Linux iliyoanzwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mpwa wake ndiye aliyemwekea, kwa kuwa hauna leseni ya kulipia. Asubuhi moja skrini ikabaki nyeusi, na mistari michache ya maandishi meupe. Fundi wa kwanza hakuisoma. "Mama, hii imekufa. Tupige Windows." Mama akauliza madeni ya wanachama yatakwenda wapi. Kwa kukosa jibu, akabeba mashine yake.

Kijana wa duka la pili alivuta kiti akasoma. Maandishi yalidai kwamba diski ilitumika mara ya mwisho katika tarehe ambayo bado haijafika. Akacheka, akatazama saa ya mashine: imerudi nyuma miaka mingi. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara inayotunza saa umeme usipokuwepo. Mashine ikiwa kwenye soketi, betri hiyo haichoki upesi. Ikizimwa ukutani kila jioni, yenyewe ndiyo inayobeba saa usiku kucha. Na sisi tuliokulia kwenye umeme wa majenereta ya dizeli, unaokatika na kurudi kwa kishindo, hatulali bila kuzima ukutani. Betri ikafa, saa ikapotea. Mfumo ulipoona tarehe hazipatani, haukubahatisha. Ulisimama, ukaomba mtu aikague diski. Kijana akabadilisha betri, akasahihisha tarehe, akaandika fsck, amri ya kuikagua diski, mashine ikawaka. Madeni yote yapo. (Wako wanachama ambao, nadhani, wangempendelea fundi wa kwanza.)

Sisemi Linux haiharibiki. Inaharibika, na Windows nayo ina ujumbe wake wa kueleza inapougua. Ugonjwa uko kwetu: tunafuta kabla ya kuuliza. Sehemu ya lawama naipeleka kwenye lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini skrini nyeusi ya yule mama bado iliongea Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi.

Hata hivyo, lugha si kisingizio cha kutonakili mali ya mtu. Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Watu waliokuwa wakikimbia vita walipata nafasi ya kumfikiria fundi atakayekuja baada yao. Fundi aliyekaa kivulini Mwanga anashindwaje?

Kwa hiyo wewe unayepeleka kompyuta wiki hii, ipige picha skrini kwa simu yako kabla hujaizima. Mwambie fundi aiwashe kwa flashi yenye Ubuntu, bila kugusa diski, anakili mafaili yako, ndipo muanze kuzungumza habari za kupiga chochote. Akikataa, beba mashine yako uende duka la pili.