Yakini ya Wokovu

Yapo maswali ambayo elimu yaweza kuyaahirisha, lakini roho ya mtu haiwezi. Mojawapo ni hili: je, mwanadamu, angali hai, aweza kuwa na yakini kwamba Mungu amemwokoa, au humpasa kutumaini tu, na kuenenda kwa hadhari mpaka pumzi yake ya mwisho? Wakristo wa Ulaya ya Magharibi waligawanyika juu ya swali hili katika karne ya 16. Mgawanyiko huo si wa maneno matupu, maana jibu la mtu huonekana katika jinsi anavyokikabili kifo na jinsi anavyomtazama jirani yake.

Martin Luther aliingia utawani Erfurt mwaka 1505. Alifunga, alikesha, aliungama mara kwa mara. Walakini moyo wake haukutulia. Alihofu kwamba pengine ipo dhambi aliyoisahau, au kwamba toba yake haikuwa safi. Baadaye, kwa kuisoma barua ya Mtume Paulo kwa Warumi, alishika fundisho kwamba haki ya Mungu ni kipawa kipokewacho kwa imani, wala si ujira wa kazi. Tangu hapo alifundisha kwamba ahadi ya msamaha ni neno la Mungu mwenyewe, na kuitilia shaka ni kumfanya Mungu mwongo. Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Luther ni kama aliyeipindua methali hii: katika jambo la wokovu, afaye maskini ni yule ategemeaye chake mwenyewe.

Mtaguso wa Trento ulijibu katika kikao chake cha 6, tarehe 13 Januari 1547, Luther akiwa amekufa kwa muda usiotimia mwaka. Mababa wa Mtaguso hawakusema kwamba rehema ya Mungu ni ya kushukiwa. Walikataza jambo hilo waziwazi. Walisema kwamba mtu, akiutazama udhaifu wake mwenyewe, anayo sababu ya kuogopa. Kwa kuwa hapana awezaye kujua, kwa yakini ya imani isiyoweza kukosea, kwamba yeye amepata neema. Na habari ya kudumu hata mwisho, hapana aijuaye kwa hakika kamili ila kwa ufunuo maalumu. Hapa yaweza kusikika methali nyingine: hujafa hujaumbika.

Hata hivyo, mpaka wa hoja hii haukufuata sawasawa mpaka wa makanisa. Katika Trento kwenyewe, Ambrosius Catharinus alishikilia kwamba mtu aweza kuwa na yakini ya kuwa katika neema, na Domingo de Soto akamkana. Nao wote wawili walikuwa Wadominiko. Kwa Waprotestanti, Jean Calvin aliieleza imani kuwa ni ujuzi thabiti wa hisani ya Mungu kwetu. Lakini Ungamo la Westminster la mwaka 1646 lilikubali kwamba mwamini wa kweli aweza kungoja muda mrefu kabla ya kuipata yakini hiyo.

Tufikiri habari ya mtoto avushwaye mto mgongoni mwa baba yake. Akiulizwa, "Baba yako ana nguvu?" atajibu bila kusita. Akiulizwa, "Mikono yako imeshika sawasawa?" atasita, naye hana kosa. Luther aliuliza swali la kwanza, Trento ikajibu la pili. Lakini haifai kudhani kwamba kwa kusema hivyo ugomvi umekwisha. Hubaki swali la tatu: mikono ya mtoto ikilegea, je, ataanguka? Calvin alifundisha kwamba baba hawezi kumwangusha aliyemchagua. Trento ilifundisha kwamba mtoto aweza kujitupa mtoni kwa dhambi ya mauti. Luther naye alikiri kwamba imani yaweza kupotea.

Katika Afrika ya Mashariki mjadala huu uliingia hata katika sarufi. Uamsho wa Kiprotestanti uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwazoeza watu kusema "nimeokoka". Kiambishi -me- hueleza tendo lililotimia ambalo hali yake ingalipo. Walikuwapo waliolisikia neno hilo kama majivuno, hata miongoni mwa Waprotestanti wenyewe. Lakini Paulo alitumia nyakati tatu: kwa Waefeso wokovu ni jambo lililotimia, kwa Wakorintho ni jambo liendelealo, kwa Warumi ni jambo lijalo. Tena watu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kuungama hadharani na kurudisha mali waliyoiiba. Yakini imrudishiayo jirani haki yake haiwezi kuitwa majivuno kwa urahisi.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja, wakikiri kwamba waamini waweza kuzitegemea rehema na ahadi za Mungu. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Si Waprotestanti wote waliolikubali, na swali la tatu halikufutika.

Lakini huenda maadili yakatenda kazi ambayo tamko haliwezi kuitenda peke yake, yaani kupambanua nani aambiwe nini. Yakini bila hofu humzaa mtu ahukumuye wenzake. Hofu bila yakini humzaa mfanya biashara na Mungu, au mtu aliyekata tamaa. Aliye kitandani pa mauti, akitetemeka kwa kuikumbuka mikono yake iliyolegea, apewe habari za yule aliyembeba. Na mwenye afya, asimamaye sokoni akihesabu nani ameokoka na nani bado, akumbushwe kwamba yeye mwenyewe hajafika ng'ambo.