Meza Hupimwa kwa Watu

Katika vijiji vya Ufipa, na hata mitaani mwa Sumbawanga, mtu akisha kumaliza nyumba yake ya matofali huanza kufikiri juu ya meza ya kulia chakula. Mmoja huinunua dukani, mwingine humwendea seremala, na mwingine aliye na msumeno na randa huamua kuitengeneza mwenyewe uani kwake. Jambo hili laonekana dogo, tena la ufundi mtupu, wala si kazi yetu kuwafundisha mafundi. Lakini ndani yake mna swali lisilohusu mbao wala gundi. Twauliza: je, meza hii yatengenezwa kwa ajili ya nani?

Tuanze na mti wenyewe. Nyanda za juu za Ufipa, zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya majani kuliko miti. Mninga, ambao mbao zake hazipindi upesi, hupatikana zaidi katika misitu ya miombo iliyo chini. Misindano na mikaratusi tuionayo karibu na nyumba ilipandwa kwa mikono ya watu. Kwa hiyo, mbao za meza karibu daima zina safari nyuma yake, na mwenye meza yampasa kuijua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa vibali vya kuvuna miti, na msitu wa Mbizi, ulio juu ya mji wa Sumbawanga, ni hifadhi. Mbao zilizoletwa usiku bila kibali huuzwa kwa bei nafuu, lakini unafuu huo hulipwa na mtu mwingine. Sisi twaona kwamba ni vigumu kuwafundisha watoto uaminifu wakiwa wameketi mbele ya mali ya wizi.

Sasa tuje kwenye meza yenyewe. Hata jina lake si la kwetu: twalipokea kwa Wareno, likapita pwani, likafika bara. Kabla yake wazee wetu walikula wakiwa wameketi chini, ugali wa ulezi katikati, kila mtu akinyosha mkono. Tusiwadharau. Kuketi chini kuna adabu moja ambayo meza haina: hakuna viti vya kuhesabu. Mgeni akitokea mlangoni, watu husogea kidogo, nafasi ikapatikana, wala hakuna aliyejua kwamba hakutazamiwa. Meza ina kingo. Penye viti vinne, mtu wa tano husimama, naye huona kwa macho yake kwamba hakuhesabiwa.

Lakini tuseme kweli yote. Hata huko chini, katika nyumba nyingi, wanaume walikula mahali pao, na wanawake na watoto mahali pao. Kitoweo kizuri kilikwenda kwanza kwa wakubwa, na wadogo wakapata kilichosalia. Basi ilitazamiwa kwamba meza itakapoingia nyumbani itawakusanya watu wote. Je, imewakusanya? Katika nyumba nyingine imewakusanya kweli. Katika nyingine, meza imewekwa sebuleni, imetandikwa kitambaa kilichodariziwa, na juu yake maua yasiyonyauka kwa sababu hayakuota kamwe. Baba hula hapo peke yake, au pamoja na mgeni. Mama na watoto hula jikoni karibu na mafiga, na msichana aliyeletwa kusaidia kazi hula mwisho wa wote, akiwa amesimama. Hapo desturi ya kale haikuondoka. Imepandishwa tu juu ya miguu minne.

Labda mtu atasema: “Hiyo ni heshima ya mwenye nyumba, na heshima ni jambo jema.” Kweli, heshima ni jambo jema. Lakini baba aliye mbali na sahani za wanawe atajuaje kilichomo? Mkoa wetu wa Rukwa ni ghala la mahindi. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani humu walikuwa wamedumaa, na uchunguzi wa mwaka 2022 ukawakuta karibu nusu yao katika hali hiyo hiyo. Sababu zake ni nyingi: ugali mtupu usio na mboga wala maharage wala samaki, maradhi ya mara kwa mara, mama anayeshinda shambani pasipo msaada. Hatusemi kwamba meza itayaponya hayo yote. Twasema kwamba watu wanaokula pamoja huonana. Mzazi anayeketi karibu na mtoto wake huona kwamba samaki hakumfikia, huona kwamba amekula matonge mawili akaacha, na kwa kuwa ameona, hawezi tena kusema hakujua.

Hii ndiyo sababu twamsifu mtu anayeitengeneza meza yake nyumbani, au anayekaa na seremala wakapatana vipimo. Kununua si kosa, na wauzaji nao wana watoto wa kulisha. Lakini meza ya dukani imekwisha kukujibia swali lako: ni ya watu wanne, au ni ya watu sita. Yule anayeshika futi mwenyewe hana budi kujibu kwa kinywa chake: Sisi ni wangapi?

Vipimo vyenyewe havina siri. Mtu mmoja ahitaji kiasi cha sentimeta 60 za ukingo ili viwiko visigongane. Watu watatu kila upande na mmoja kila mwisho ni watu wanane, nao hutoshwa na meza ya urefu wa sentimeta 200. Upana usizidi sana sentimeta 90, maana sisi hula kutoka sahani ya pamoja, na mkono wa mtoto yafaa ufike katikati pasipo yeye kusimama. Tena kwa urefu huo ziwekwe sahani mbili za ugali, ili walio mwishoni wasiwe watazamaji. Kimo ni sentimeta 75. Na mahali pa kuketi, twashauri mabenchi mawili marefu, ya kimo cha sentimeta 45, kuliko viti sita. Benchi ni la bei ndogo na kazi yake ni nyepesi, lakini faida yake kubwa ni kwamba lina ile adabu ya kuketi chini: watu husogea. Kiti humkubali mtu mmoja tu. Benchi halikosi nafasi ya mmoja zaidi.

Kazi ya mbao nayo ina mafunzo yake. Mti hauachi kusogea hata baada ya kukatwa. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, mbao hunywa unyevu zikatanuka. Kiangazi, hasa katika upepo mkavu wa baridi wa Juni na Julai, husinyaa. Mwenye haraka hununua mbao mbichi, huzipigilia misumari pande zote, na kabla ya mwaka kwisha uso wa meza umepasuka. Fundi mwangalifu huzipanga mbao kivulini, na vijiti kati yake ili hewa ipite, huzingoja miezi kadhaa, kisha huufunga uso wa meza juu ya fremu yake kwa vifungo vinavyouruhusu kusogea kidogo. Miguu huiunganisha kwa tundu na ulimi, kazi ya patasi na subira, maana meza ya watu wanane huegemewa, husukumwa, na pengine hupandwa na watoto. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Vanishi hung'aa siku ya kwanza. Kiungo hujulikana mwaka wa kumi.

Twapenda pia watoto wawepo, wa kiume na wa kike. Mmoja ashike ncha ya ubao unapokatwa, mwingine apige msasa, mwingine achanganye gundi. Nchi hii ilikuwa nchi ya wahunzi: mabaki ya matanuru yao marefu ya udongo yangali yanaonekana katika nyanda zetu, na chuma kilichotoka humo kikafanywa majembe na mashoka. Katika kazi ya namna ile palikuwa na kazi kwa mikono mingi, na vijana walijifunza kwa kutazama na kushika. Mtoto aliyepiga msasa mahali pake mezani hana shaka kwamba mahali hapo ni pake.

Wala yeyote asidhani kwamba twawalaumu wasio na meza. Nyumba ambayo watu wake wote huzunguka sahani moja mkekani haikupungukiwa na kitu. Imekwisha kupata kile ambacho meza hutafutiwa. Na nyumba yenye meza ya mninga yenye thamani, lakini watu wake hula kwa mafungu, bado haina meza, ina samani.

Kwa hiyo, ewe mwenye nyumba, kabla hujaugusa msumeno, keti na mkeo mkahesabu. Msihesabu vyumba, mhesabu watu. Mtajeni bibi ambaye meno yake yamepunguka na hula polepole. Mtajeni yatima wa ndugu yenu aliyekuja kusoma. Mtajeni yule msichana wa kazi, kwa jina lake. Mtajeni mtoto mchanga ambaye bado apakatwa, kwa kuwa baada ya miaka mitatu atadai sentimeta zake. Kisha mwongezeni mtu mmoja msiyemjua, ambaye atabisha hodi jioni moja ya mvua. Jumla mtakayopata, hiyo ndiyo mzidishe kwa vipimo, na mbao zenu zikatwe kwa hesabu hiyo. Ikiwa mbao hazitoshi, ni heri kupunguza vanishi na nakshi kuliko kumpunguza mtu.