Siri za Gari Kuukuu

Gari langu la kwanza, nililolinunua mwaka 2012, lilikuwa limekwisha kutumiwa Japani kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Kila nilipozungusha ufunguo, sauti ya mwanamke ilisema jambo kwa Kijapani. Magari mengi ya asili hiyo hunena vivyo hivyo katika barabara zetu, na wenyewe hawajali. Mwanafunzi wangu mmoja aliyejifunza lugha ile alinifasiria: gari lilikuwa likikumbusha kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara za kwao haijatiwa mahali pake.

Siku moja tulikuwa pamoja katika foleni, hatuna la kufanya. Mwanafunzi yule akanionyesha kwenye kioo cha ramani neno lenye maana ya nyumbani, nami nikaligusa. Pakatokea mtaa nisioujua, na alama ndogo juu ya nyumba moja. Chini yake palikuwa na orodha ya safari. Alianza kunisomea huku tukicheka: duka, shule, stesheni. Kisha alinyamaza kidogo, akasema kwamba mahali patatu pa mwisho pote ni hospitali. Nilizima kioo, lakini nilikuwa nimekwisha kujua.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi kama nilitenda kosa. Gari nililinunua kwa fedha yangu, na kila kilichokuwamo kilikuwa changu kwa hati. Hata hivyo, aliyeniuzia chuma hakuniuzia ugonjwa wa mtu, wala haukuwa wake kuuza. Wazee wetu wa pwani walilikabili swali hili zamani, mbele ya maiti. Mwosha huona katika mwili yale ambayo marehemu aliyasitiri maisha yake yote: kovu, kilema, alama ya maradhi, na sharti lake ni kuyafunika yote aliyoyaona. Haulizi kwanza kama marehemu angejali. Nao husema kwamba mwosha huoshwa, neno ambalo mimi niliyechungulia nilipaswa kulifikiri mapema.

Maana zamu yangu ilifika. Gari lilipoliwa na kutu hata mafundi wakalikataa, nilipatana na mnunuzi wa vyuma chakavu, bei kwa kilo. Aliponiona nikipekua ndani kwa muda mrefu, alinihurumia.

"Mwalimu, hivi ni vyuma tu. Nani atasoma hayo?"

Alikuwa na nusu ya kweli. Bodi huenda tanuruni, na chuma kilichoyeyuka hakimkumbuki mtu. Lakini kile kifaa chenye redio na kioo cha ramani hakiyeyushwi. Hung'olewa kikauzwa peke yake katika maduka ya vipuri. Nacho, tangu nilipokiunganisha na simu ili niweze kuzungumza huku mikono imo katika usukani, kilikuwa kimenakili majina yote ya simuni bila mimi kufahamu. Nilikuta zaidi ya 300. Alikuwamo mwenzangu aliyekwisha kufa. Alikuwamo daktari wa mama yangu. Alikuwamo pia mwanafunzi wa kike aliyenipigia usiku mmoja akitaka msaada katika jambo ambalo hakupenda kwao walijue; na ili nisimsahau, jina lake nilikuwa nimeliandika pamoja na shida yake.

Watu husema: mimi sina la kuficha. Usemi huo humfaa mwenye siri zake peke yake, na mtu wa namna hiyo sijamwona bado. Siri yangu naweza kuitupa jaani nikipenda. Ya binti yule ni amana, wala hakunipa ruhusa ya kuiuza kwa kilo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, imetambua faragha ya kila mtu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huwabana wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Ni vema. Lakini hapana ofisa atakayesimama uani kwangu gari likipakiwa, na kama nisingefuta, binti yule asingejua kamwe ni nani aliyemtoa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Vibao vya namba nilivifungua, na kadi ya gari nikaishika, kwa kuwa ina jina langu, mpaka Mamlaka ya Mapato ifute usajili. Chini ya viti niliokota risiti za benki, kadi ya kliniki ya mtoto na, naona haya kusema, karatasi ya mtihani ya mwaka 2016 ambayo niliitafuta ofisini mwezi mzima. Kilichobaki ni kile kifaa. Kukata betri hakutoshi, maana kumbukumbu yake haifi pamoja na umeme. Sharti ifutwe kwa amri yake yenyewe, na amri zote zilikuwa za Kijapani. Nikampelekea picha mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu, akaniongoza katika simu neno kwa neno. Majina yakafutika.

"Shughuli imekwisha," nikasema.

"Mwalimu, na ile nyumba je?"

Miaka yote hiyo niliibeba kila nilikokwenda, na siku ya mwisho nilikuwa nimeisahau. Tulifuta nyumba, kisha shule na stesheni, kisha hospitali zote tatu.

Asubuhi vijana walikuja na lori. Mmoja alizungusha ufunguo ili usukani ufunguke walisukume, na ile sauti ya mwanamke ikaidai kadi yake.