Je, Kumtegea Samaki ni Kumwambia Uongo?

Kijana mmoja wa darasa la kipaimara alituuliza hivi: ikiwa uongo ni dhambi, mbona mvuvi hufunga manyoya kwenye ndoana ili samaki adhani ni dagaa? Wenzake walicheka. Sisi tuliosimama mbele ya ubao miaka mingi tunajua kwamba swali la namna hii halifai kuchekwa.

Yafaa kwanza tukijue kitu chenyewe. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, mvuvi wa jimbo la Maryland, Bernard Kreh, ambaye watu walimwita Lefty, alibuni chambo cha manyoya cha kuvulia samaki wakubwa wenye mistari katika ghuba ya Chesapeake. Alikiita Deceiver, maana yake Mdanganyifu. Wala jina hilo halikumwonea mtu haya, kwani mwaka 1991 posta ya Marekani ilikichapa kwenye stempu.

Ndoana hubanwa kwenye jiliwa ndogo na kuzungushiwa uzi. Upande wa nyuma, karibu na mpindo, hufungwa manyoya meupe marefu ya jogoo, matatu au manne kila upande, yawe mkia. Kisha mbele, karibu na tundu la ndoana, hufungwa nywele za mkia wa kulungu, ndefu kiasi cha kuupita mpindo, ili manyoya yasijizongoe kwenye ndoana chambo kinaporushwa. Za juu huwa za rangi ya giza na za chini nyeupe, maana ndivyo dagaa wengi walivyo, mgongo wa giza na tumbo jeupe. Nyuzi chache nyekundu huwekwa kooni, mahali pa matamvua. Kichwa hupakwa vanishi, jicho likachorwa. Basi. Hakina magamba wala harufu, na kikiwa mezani hata mtoto mdogo hadanganyiki. Majini manyoya hutanuka na kusinyaa kama kitu kinachoogelea, na yaliyopungua samaki huyajaza mwenyewe kwa njaa yake.

Je, huo ni uongo? Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili juu ya jambo hili, alifundisha kwamba mwongo husema kinyume cha yaliyo moyoni mwake, akikusudia kudanganya. Samaki hatusemi naye. Hatukumpa ahadi, wala yeye hakutukabidhi imani yake. Muuza maziwa anayetia maji kwenye kibuyu, hata kikombe kimoja, amemkosea jirani aliyemwamini, na hilo ndilo tunaloliita uongo. Tena tukitazama udanganyifu peke yake tutapotea njia: mvuvi wa baruti hamdanganyi samaki hata mmoja, naye huua wakubwa na wachanga pamoja, akavunja na matumbawe wanamokulia.

Kwa hiyo tunaona kwamba deni letu kwa samaki si ukweli. Ni maumivu yake. Mtu anayerambaza mshipi nyuma ya ngalawa akapata kolekole, sababu yake iko chunguni. Lakini wako wengi, hasa ughaibuni, wanaovua kwa Mdanganyifu huyu kwa ajili ya mchezo tu, kisha humrudisha samaki majini. Wanasema hivyo samaki hawaishi, na pengine ni kweli, hatuwabezi. Ujerumani, sheria ya mwaka 1972 ya kulinda wanyama inakataza kumtia mnyama maumivu bila sababu ya maana, na huko kuvua kwa nia ya kuachia tu huhesabiwa kuwa kosa. Sisi tunaelekea upande wa Wajerumani, ingawa tunao rafiki watakaobishana nasi.

Anayeona hawezi kuuacha mchezo huo, basi na akibonyeze kwa koleo kile kijino cha ndoana, ili itoke upesi, na amfungue samaki angali ndani ya maji.